Kitambaa cha Tumbo

Same, Jumatano ya Majivu, 6 Machi 1957

Mwinjilisti amesema leo kanisani kwamba sisi wanawake tunaojua kuandika, Kwaresima hii kila jioni tuandike jambo moja la kumshukuru Mungu. Wengine wakacheka, maana hawajui. Mimi najua kidogo, nilifika darasa la tatu, kisha darasa la kipaimara. Nimechukua daftari la zamani la Priska ambalo halikujaa.

Basi nashukuru kwa mvua. Imenyesha alfajiri, vumbi la Same limelala.

Nashukuru na kwa Priska mwenyewe. Mungu alinipa wanne, akawachukua watatu wangali wananyonya, akaniachia huyu. Ana miaka kumi na saba. Mwezi wa saba anakwenda hospitali ya Gonja kujifunza unesi, wameshamkubali. Baba yake, Filemoni, ni mzee wa kanisa, na kazi yake ni genge la kutengeneza reli huko Makanya, anarudi nyumbani Jumamosi. Ukimtajia Priska na ile nguo nyeupe ya unesi, meno yote yanakuwa nje.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini leo Priska ameniomba jambo, nami nimekubali. Anataka nimshonee vazi la kucheza tumbo.

8 Machi

Nieleze vizuri, nisije nikasoma baadaye nikajiona nilikuwa mwendawazimu.

Jirani yetu Mwamvita ni mtu wa Pangani, mumewe ni fundi hapa stesheni. Mwaka juzi nilipougua kifua ndiye aliyeninywesha uji kwa kijiko. Binti yake Bahati anaolewa baada ya Idi. Sasa mwezi wa kwanza ilikuja sinema, ikaonyeshwa kwenye ghala la Mhindi, sinema ya Misri, na Priska na Bahati wakaenda. Eti humo mna mwanamke anayecheza kwa tumbo tu. Kichwa kimetulia, mabega yametulia, tumbo linakwenda kama maji kwenye karai. Tangu siku hiyo hawa wawili wakifunga mlango ni kucheza. Priska amemwahidi Bahati atacheza siku ya arusi. Ni ndani, ni wanawake watupu, mlango utakuwa na komeo. Nimeuliza mara tatu habari ya komeo.

Leo tulikwenda kwa Mwamvita kwenye cherehani. Priska amelichora vazi kwenye karatasi ya sukari. Juu kizibao kifupi, chini mkanda wa kiunoni wenye vitu vinavyolia, halafu sketi ndefu.

Nikauliza, "Na hapa katikati?"

"Hapo ni tumbo, Mama."

"Naona ni tumbo. Nguo yake iko wapi?"

Mwamvita akacheka mpaka akashika meza. "Shoga, ukilifunika watu watatazama nini? Utanialika pilau halafu unifungie sufuria kabatini?"

"Wewe cheka. Mimi ni mke wa mzee wa kanisa."

"Na huyo mzee wa kanisa alitoka wapi, kama si tumboni?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukapatana. Nitatia kitambaa cha melimeli nyeupe, chepesi, kuanzia kizibao mpaka mkanda, kimbane sawasawa ili mchezo uonekane ila ngozi isionekane. Kwa hiyo ikabidi nimpime tumbo. Futi ya Mwamvita imeliwa na panya. Nikachukua uzi wa katani, nikauzungusha penye kitovu, ulipokutana nikafunga fundo.

Nashukuru kwa Mwamvita, ingawa mdomo wake hauna mlango.

9 Machi

Tumegonga vizibo vya soda kwa jiwe mpaka vikawa bapa, tukavitoboa kwa msumari. Vinalia vizuri. Nashukuru kwa vizibo.

14 Machi

Naisula, yule mama wa Kimasai anayetuletea maziwa, amenipa shanga nyekundu na za bluu kwa kibaba cha mahindi. Akauliza ni za nani. Nikasema ni za binti, za kiunoni. Akamtazama Priska aliyekuwa anapepeta uani, akasema, "Huyu amenenepa tumbo. Uso, hapana."

Nikamwambia ni makande yangu. Tukacheka, hata Priska.

Nashukuru kwa shanga.

19 Machi

Leo tumejaribu vazi kwa mara ya kwanza. Kizibao kimekaa, sketi imekaa, kitambaa cha tumbo hakifungi. Nikasema nilipima vibaya. Nikachukua uzi uleule, ncha hazikukutana. Zimeachana upana wa kidole gumba. Nikafunga fundo la pili, nikaachia mshono.

Nashukuru kwamba niliacha pindo pana.

23 Machi

Filemoni amerudi kutoka Makanya. Alipokuwa ananawa akasikia sauti chumbani. "Kitu gani kinalia humo?"

"Vizibo."

"Vya nini?"

"Vya arusi ya Bahati."

Hakuuliza tena. Alikuwa amechoka, reli imeliwa na maji sehemu tatu. Sikusema uongo. Lakini sikulala vizuri.

30 Machi

Fundo la tatu.

Safari hii pengo si la kidole gumba tu. Vidole vitatu vimeingia pale. Melimeli ilivutika mpaka nyuzi zikaonekana. Priska alisimama mikono juu, ananitazama usoni, nami natazama uzi.

"Mama, mbona kimya?"

"Nina pini mdomoni."

Sikuwa na pini.

Asubuhi hali chakula. Akila viwili vitatu anakwenda nyuma ya nyumba anatapika. Vile vitambaa vyake vya kila mwezi sijaviona kwenye kamba ya migombani tangu kabla ya mvua. Na Jumatano baada ya mazoezi ya kwaya alisindikizwa mpaka njia panda na Daudi, kijana anayepiga tarumbeta kanisani. Niliwaona. Alikuwa amembebea kitabu cha nyimbo.

Ee Mungu, sijui kushukuru nini leo.

31 Machi

Kwetu Upare mama hamwulizi binti mambo hayo. Mwili wa binti huulizwa na shangazi, dada wa baba yake, maana ukoo ni wao. Mama yangu hakuniuliza, wala mama yake hakumwuliza. Mama akiuliza huonekana amemvua binti nguo kwa mkono wake mwenyewe.

Shangazi ni wifi yangu Eliwaza, yuko juu Vudee. Huyo ndiye aliyesema siku ya arusi yangu kwamba kaka yake ameleta nyumbani kuku mwoga. Namwogopa kuliko Mchungaji. Nimemtumia salamu kwa wanawake wanaoshusha ndizi sokoni: mwambieni ashuke, kuna neno la mtoto.

2 Aprili

Waislamu wameanza kufunga. Nashukuru, maana Mwamvita hana nguvu za kunichokonoa.

5 Aprili

Mvua. Wanawake wa ndizi hawakushuka. Njia ya Vudee imeporomoka.

6 Aprili

Mvua. Fundo la nne.

Nimemwambia Priska niongeze kipande cha pembeni, kiwe kama mtindo. Akasema sawa. Nilipomaliza kupima sikutoa mikono yangu mara moja, nikaiacha pale kiunoni mwake kama ninayetengeneza pindo. Sina ruhusa ya kumwuliza, lakini ruhusa ya kumpima ninayo. Akaegemeza kidevu kichwani kwangu. Tukakaa hivyo.

7 Aprili, Jumapili

Kanisani akina mama wamekaa nafasi moja mbali na benchi letu. Baada ya ibada Daudi akaja, "Shikamoo Mama Priska." Sikuitikia. Mtoto wa watu akabaki ameshika tarumbeta yake.

12 Aprili

Nimeuliza.

Sikukusudia. Tulikuwa tunachambua maharage, yeye akajikunja akashika ubavu, jasho likamtoka. Likapita. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Priska, ni la nani?"

"Nini la nani?"

"Usinifanye mtoto. Hilo tumbo."

Akasema polepole kama anayemsomesha mtu, "Mama, sina kitu. Sijalala na mtu. Naumwa. Nilifikiri unaona kwamba naumwa."

"Daudi..."

"Daudi alinibebea kitabu kwa sababu sikuweza kubeba kitabu!"

Nikamwambia kama anaogopa baba yake tutatafuta njia, nitampeleka kwa dada yangu Ugweno akajifungue kule, watu hawatajua. Nikamwambia Gonja tusiende sasa, maana manesi wa Gonja ndio watakaomfundisha, wakimwona hivi nafasi imekwisha. Nilikuwa naongea haraka, nasikia kama ninamsaidia. Akainuka, maharage yakamwagika.

"Hata wewe, Mama?"

Akaingia chumbani. Nimeokota maharage mpaka la mwisho. Sasa naandika, naye hajatoka, nami sikumwamini. Nimtazame tumboni niamini maneno?

14 Aprili, Jumapili ya Matawi

Filemoni alisikia genge lao likizungumza habari ya Priska huko Makanya. Jana aliporudi hakuniambia kitu, wala hakusema na Priska. Leo baada ya ibada wazee walikaa kikao, akasimama kabla hawajasema neno, akaweka ufunguo wa sanduku la sadaka mezani, akatoka. Hivyo ndivyo alivyosimulia mke wa mzee mwenzake, kwa furaha.

Nyumbani amekula uani peke yake, mvua inamdondokea sahanini. Nikamwambia, "Baba Priska, ingia ndani." Akasema, "Nikiingia nitamtazama." Saa tisa akapanda treni kurudi kazini.

17 Aprili

Fundo la tano. Nashona kwa sababu nikiacha nitapiga kelele.

21 Aprili, Pasaka

Hatukwenda. Tumesikia tarumbeta kutoka hapa. Priska aliimba sauti ya pili kitandani, kidogo, akapumzika, kidogo tena.

Kwaresima imekwisha, lakini nitaendelea kuandika. Sina mwingine wa kumwambia.

24 Aprili

Wifi amekuja.

Ametembea tangu jana, akalala njiani kwa watu, miguu imejaa matope hadi magotini, na kichwani kapu la magimbi. Nikapiga goti, "Shikamoo wifi." Akasema, "Marahaba, nipishe, yuko wapi?" Hakunawa hata miguu. Akaingia kwa Priska akafunga mlango.

Nilikaa kizingitini. Mvua ilikuwa imekatika, jua kali, kila kitu kinatoa mvuke. Nilisikia sauti yake ya chini, na ya Priska, halafu Priska akalia kwa nguvu kama mtoto aliyeachiwa. Nikasema basi, amekiri.

Mlango ukafunguliwa. "Ingia, Yudith."

Kwa miaka yote hii hajawahi kuniita jina langu.

Priska alikuwa amelala chali, ameinua nguo. Wifi akaushika mkono wangu, akaukandamiza pale upande wa kushoto. Chini ya ngozi mna kitu kigumu, cha mviringo, ukikisukuma kinakwenda, ukiachia kinarudi.

"Mtoto wa ukubwa huu angekupiga teke," akasema. "Huyu anapiga?"

Nikangoja. Hakikupiga.

"Matiti yake ni ya msichana. Nimetazama yote yanayotazamwa. Mtoto huyu hajaguswa na mtu. Anaumwa, na amewaambia kwamba anaumwa." Kisha akaona vazi limetundikwa msumarini, na uzi wa katani juu yake. Akauvuta, akapitisha mafundo vidoleni, moja moja, kama anayehesabu watoto. "Hii nini?"

Nikamweleza.

"Kila lilipoongezeka ukaachia mshono."

"Ndiyo, wifi."

"Ulikuwa unamshonea nguo ya ngoma au sanda?"

Nilitaka aniongezee, anitukane, anipige kofi, lakini akakaa kitandani akaanza kujipangusa matope kwa upande wa kanga yake. Akasema, "Na mimi nilipopata salamu zako nilisema, kuku mwoga amepata habari ya kuogopa. Nikamaliza kwanza kupalilia. Njia ilikuwa bado nzima."

Priska akasema, "Shangazi, msilie wote, nani atanipa maji?"

26 Aprili. Gonja

Naandikia barazani hospitali. Nieleze jinsi tulivyofika.

Mwamvita ndiye aliyekwenda stesheni, pamoja na saumu yake, akasimama dirishani mpaka mumewe akapiga simu Makanya kumwita Filemoni. Alikuja kwa treni ya mizigo. Wifi alimkuta uani, sikusikia alichomwambia, ila alikuwa amemkamata sikio, kaka yake mkubwa mwenye mvi.

Basi la Gonja haliendi tangu Pasaka. Tulipata lori la mahindi mpaka mbele ya Kisiwani, pale korongo limeshuka na barabara yote. Maji ya kahawia, yanabeba miti. Dereva akazima injini akasema yeye mwisho hapo.

Tulikuwa na kitanda cha kamba cha kumbebea. Wabebaji walikuwa Filemoni, mume wa Mwamvita, na vijana wawili wa kanisani. Mmoja ni Daudi. Hakuna aliyemwita, alitukuta tunapakia akapanda. Nilisema, "Daudi, mwanangu," nikashindwa kuendelea. Akasema, "Mama, shika upande huo wa blanketi, linaburuta."

Kitanda hakikuweza kuvuka. Maji yalifika kifuani. Filemoni akavua viatu, akachuchumaa mbele ya Priska, akamweka mabegani kama tulivyombeba alipokuwa mdogo, vijana wakamshika huku na huku kwa kamba. Tangu Jumapili ya Matawi alikuwa hajasema naye neno. Nilikuwa nyuma yao, wifi amenishika kanga. Katikati maji yakamyumbisha, Priska akapiga kelele, nami nikasikia Filemoni anasema, "Shika kichwa changu. Shika kwa nguvu, nesi."

Ng'ambo tulimlaza tena kitandani. Tumepanda mpaka Gonja kwa miguu. Filemoni hakutaka kupokewa zamu.

Vazi nimelileta. Priska alilitaka, nimelifunga ndani ya shuka lake. Kila alipotikiswa njiani vizibo vililia.

27 Aprili

Daktari amemtazama. Amesema ni uvimbe wenye maji, umeota kwenye kizazi upande mmoja, lazima upasuliwe. Akauliza ulianza lini. Nikatoa uzi wa katani nikampa. Hakuelewa. Nesi akamweleza. Akauzungusha mkononi akanirudishia bila kusema kitu, na ningependa angesema.

29 Aprili

Wamemwingiza saa nne. Aliniambia, "Mama, usiache mshono wazi." Nimeshona pindo la sketi ambalo lilikwisha kushonwa.

Jioni. Wameutoa uvimbe. Nesi amesema ni kama boga. Priska yu hai, hajaamka sawasawa.

1 Mei

Homa.

2 Mei

Homa. Leo ni Idi. Wifi anasali kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wanamwomba apunguze.

3 Mei

Homa. Filemoni amerudishwa kazini. Alisimama mlangoni na kofia yake, hakujua aage vipi.

5 Mei

Homa imeshuka. Amekunywa uji, vijiko saba au nane. Nashukuru. Nimeandika neno hilo mkono unauma.

8 Mei

Daktari amesema kipande cha ule uvimbe kimepelekwa Dar es Salaam kikatazamwe kwa mashine. Kama uvimbe ni mbaya utaota tena. Kama si mbaya, basi. Nikauliza jibu litakuja lini. Akasema barabara ikifunguka. Nikauliza mimi nifanye nini. Akasema, "Ngoja, Mama."

Kabla ya kumleta hapa nilingoja mwezi mzima bila kuambiwa.

11 Mei, Jumamosi

Leo ndiyo arusi ya Bahati. Sasa hivi kule Same mlango umetiwa komeo na wanawake wako ndani. Mwamvita ametuma kifurushi cha mkate wa sinia kwa mtu aliyevuka korongo, kimefika kimelowa, tumekula hivyohivyo.

Priska aliketi leo kwa mara ya kwanza, mito mgongoni. Akasema, "Nipime."

Nikamzungushia uzi taratibu, juu ya bandeji. Umekutana kabla hata ya kufika fundo la kwanza. Amekonda mno. Nikamwambia nitakibana kile kitambaa mpaka hapo, kisha akinenepa nitaachia, pindo lipo.

"Usikibane," akasema. "Kitoe."

"Nikitoe vipi?"

"Chote. Nitacheza kwa Bahati akijifungua mtoto wa kwanza. Sitaki kitambaa cha tumbo."

"Priska, kuna kovu. Litaonekana."

"Ndiyo, lionekane. Hao waliohama benchi waje walitazame. Mlango ukiwa na komeo au hauna."

Wifi alikuwa anamenya ndizi pembeni. Nikamtazama anisaidie. Akaendelea kumenya.

Nikataka kumwambia kwamba jibu la Dar es Salaam bado halijaja, tusiahidi kucheza. Nikataka kumwomba msamaha, na kila nilipofungua mdomo nilisikia yale maneno, ni la nani. Yeye akaongeza, bila ukali, macho yamefumba, "Mama, siku ile ungeniamini mimi kuliko uzi, ingekuwaje?"

"Sijui, mwanangu."

"Mimi pia sijui."

Akalala. Nimekaa kando ya kitanda na vazi magotini. Nimefumua upande wa kushoto kwanza, mishono yote minne niliyoachia, kisha wa kulia, kisha juu. Melimeli imetoka nzima, ina mistari ya matundu ya sindano, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja najua tarehe yake. Katikati ya vazi sasa hapana kitu.

Mvua imeanza tena kule chini barabarani.